Mgongo wa Ngege

Tangu siku ya wale samaki, Nasirumbi alijizoeza kula akiwa amewapa watu kisogo. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Aliona tu kwamba kila alipokaribia jikoni, mama mkwe wake, Alupo, aliinuka na kufunika sahani za watoto kwa ungo, na kwamba watoto wenyewe, ambao zamani walikuwa wakimkimbilia, sasa waligeukia ukuta na kutafuna haraka haraka. Akaona ni afadhali awatangulie. Akawa anachukua chakula chake na kwenda kukilia nyuma ya ghala, akiyatazama mashamba ya wimbi yaliyoteremka hadi bondeni, mahali ambapo macho yake hayangeweza kumdhuru mtu.

Ulikuwa mwaka wa 1965, na nyumba hiyo ilikuwa Molo, kijiji cha Wateso si mbali na mpaka wa Malaba. Nasirumbi alikuwa Msamia kutoka Busia, binti wa wauza samaki, aliyeolewa na Ecweru, kitinda mimba wa Alupo. Kiteso chake kilikuwa bado cha kuokoteza, kwa hiyo nyumba nzima ilizungumza naye kwa Kiswahili cha mpakani, lugha waliyojifunza wote masokoni wakipatana bei. Katika lugha hiyo hawakuwa na maneno ya upole ya kumwambia mtu wa nyumbani kwamba anashukiwa, basi hawakumwambia.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Alikuwa ametoka kuwasalimu wazazi wake, akaleta samaki aina ya ngege waliokaushwa kwa moshi. Akurut, msichana wa miaka saba, binti wa Opolot aliyekuwa kaka yake Ecweru, alikaa uani akapewa kipande kikubwa. Nasirumbi akasimama mbele yake, amechoka kwa safari na amefurahi kufika, akasema: "Tazama huyu mtoto anavyokula! Kama mtu mzima!"

Alupo aliinua kichwa.

Huko Molo, kama ilivyokuwa Busia, watu walijua kwamba wapo wenye jicho. Mwenye jicho akimtazama mtoto akila, chakula hukwama tumboni. Hakishuki wala hakirudi, hukaa humo hadi kitolewe na mtu mwenye ujuzi wa kukitoa. Jicho hilo hurithiwa, kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na mwenye nalo anaweza asijue kabisa kwamba analo. Jambo hili la mwisho ndilo lililomtesa Nasirumbi. Yeye hakuwa mtu wa kuzicheka imani hizo, alikua nazo. Kwao kulikuwa na mwanamke mmoja aliyesemwa hivyo, akazeeka peke yake, na binti zake wakakosa waume. Nasirumbi mwenyewe, akiwa mdogo, aliuficha muhogo wake chini ya gauni kila mwanamke yule alipopita. Sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza, na usiku na mchana alijiuliza ni kitu gani alichokuwa akimbebea mtoto wake pamoja na damu yake.

Akurut hakuugua siku ileile. Majuma kadhaa yalipita kabla tumbo halijaanza kujaa kila alipokula. Maumivu yalikuja, yakaondoka, yakaja tena. Na yalipofika kileleni, chini ya ngozi kilionekana kitu kikijiviringa polepole kama mnyama anayetafuta pa kutokea, kisha tumbo likanguruma, kisha mtoto akatapika. Alikonda hadi mashavu yakabonyea. Alupo akampeleka kwa mwanamke mmoja wa Mukuju aliyesifika kwa kutoa vitu tumboni. Mwanamke yule alimpaka mtoto samli, akamsugua kwa majani, akainamisha kinywa chake karibu na kitovu, akatoa mwiba wa samaki. Alupo aliuleta mwiba nyumbani juu ya kifuniko cha kopo, akauonyesha kwa kila aliyeingia uani. Mtoto alipata nafuu kwa siku chache, kisha ugonjwa ukarudi na nguvu zaidi, na jibu kutoka Mukuju likawa moja tu: mwenye jicho bado yu karibu.

Jumapili moja, baada ya kanisa, Alupo alisema mbele ya wanawe wote. "Huyu arudi kwao."

Ecweru alifanya kazi Malaba, akishughulikia karatasi za malori yanayovuka mpaka. Alikuwa mtu mpole ambaye upole wake haukuwahi kumgharimu chochote. Aliizungusha kofia mikononi.

"Mama, kabla hajaenda. Madereva wanasema hospitali ya misheni, ile ya njia ya Mbale, wana mashine ya kutazama tumboni. Wanaona chakula kikipita."

"Kutazama tena?" Alupo akamkatiza. "Mtoto ameumizwa kwa kutazamwa, na dawa yako ni atazamwe?"

"Mashine haina ukoo, Mama."

Opolot alichekea puani. Hata Aguti, mama wa mtoto, ambaye tangu ugonjwa uanze alikuwa amenyamaza kama aliyefiwa mapema, aliinua uso. Nasirumbi aliona nafasi ndogo imefunguka. Akapiga magoti ndani yake.

"Mama, nakuomba. Twende mashine iseme. Ikisema ni mimi, nitafunga mzigo wangu mwenyewe, wala hutanisikia nikilia."

"Umesema mwenyewe," Alupo alisema.

"Nimesema."

"Na mashine ikisema, hutakataa?"

"Sitakataa, Mama."

Masharti ya hospitali yalikuwa kwamba mtoto afike akiwa hajala kitu tangu jana yake. Alupo alilalamika njia nzima kwamba hajawahi kumtoa mtoto nyumbani na njaa, hata wakati wa nzige. Nasirumbi ndiye aliyembeba Akurut mgongoni, pamoja na mimba yake, kwa sababu Aguti alikuwa dhaifu kwa kukesha na Alupo alikuwa mzee. Na kwa sababu mtoto akiwa mgongoni hatazamwi.

Mtumishi wa chumba cha eksirei aliitwa Wesonga. Aliposikia matamshi ya Nasirumbi, uso ulimchangamka, akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Mulembe, dada! Wewe ni wa Busia ya huku au ya kule?"

"Ya huku. Lakini makaburi ya babu zangu yako kule."

"Basi tuko sawa. Mimi nusu ya ukoo wangu imeamka juzi ikakuta ina bendera nyingine." Kisha akamtazama vizuri, akaacha mzaha. "Una mimba? Basi huingii humu. Miale ya mashine hii si mizuri kwa mtoto aliye tumboni. Mama yake na bibi yake watatosha."

"Kaka, nina haja ya kuona."

"Utaona picha. Kaa hapo kwenye benchi."

Nasirumbi alipokuwa akikaa, Alupo aligeuka mlangoni, akamtazama alivyobaki peke yake nje, akaingia.

Daktari wa picha aliitwa Oguttu. Naye alikuwa mwana wa Busia, mmoja wa Waafrika wa kwanza kusomea kazi hiyo. Alipitia Makerere, kisha akavuka bahari, na aliporudi aliomba mwenyewe apelekwe karibu na kwao. Alikuwa ameketi muda mrefu kwenye ukumbi akiwa amevaa miwani ya vioo vyekundu, kama kazi ilivyodai enzi hizo, ili macho yake yazoee giza kabla ya kuanza. Akaingia chumbani nayo. Akurut alipiga ukelele uliosikika hadi nje.

"Huyu ndiye atakayemtazama akinywa?" Sauti ya Alupo ilipenya mlango. "Na macho mekundu namna hiyo?"

"Mama, hivi ni vioo tu. Navaa ili niweze kuona gizani. Kivuli cha dawa nyeupe atakayokunywa mtoto huonekana vizuri kwenye giza."

"Anayeona gizani ni nani? Niambie wewe, mwenye shule. Watu gani huona gizani?"

Daktari akacheka kidogo, bila dharau.

"Mama, mimi ni mtoto wa Busia. Najua unachokiogopa. Hata mimi bibi yangu alinifunikia sahani. Basi toa leso yako, ukifunike kikombe, na mtoto anywe chini yake. Mimi kikombe sitakitazama."

Ikafanyika hivyo. Chini ya leso ya bibi yake, Akurut alikunywa uji mweupe mzito wa bariamu, wenye ladha ya chaki, huku Wesonga akimsifu kwa kila funda hadi Alupo alipomkemea anyamaze. Daktari alitimiza neno lake, hakukitazama kikombe. Alikitazama kioo cha mashine, ambamo uji uleule ulishuka kooni, ukalijaza tumbo, ukaanza kuingia utumbo mdogo, wazi kuliko jicho lolote la Molo au la Busia lilivyowahi kuona.

Kazi ile haiishi kwa picha moja. Uji ulipaswa kufuatwa katika njia yake yote hadi ufike utumbo mpana, na kila baada ya muda mtoto alirudishwa ndani, akalazwa, akabonyezwa tumbo taratibu kwa kijiko cha mbao ili mapinda ya utumbo yaachane, akapigwa picha nyingine. Katikati ya picha alilazwa kwa ubavu wa kulia kwenye benchi la ukumbini. Mara moja, Alupo alipokwenda kuomba maji, mtoto alijisogeza hadi kichwa chake kikafika kwenye paja la Nasirumbi.

"Mama mdogo, nina njaa."

"Vumilia, mwanangu. Wakimaliza utakula."

"Utaniletea ngege?"

Nasirumbi aliuweka mkono wake juu ya ule uso mdogo, akayafunika macho ya mtoto, kama kwamba macho ya kufunikwa yalikuwa hayo. "Usiseme samaki hapa," alinong'ona.

Jioni ilipokaribia, daktari aliwaita wote wanne, Nasirumbi pia, kwa kuwa mashine ilikuwa imezimwa. Picha zilikuwa zimetundikwa kwenye sanduku lenye taa. Oguttu alikuwa na uchovu wa kupendeza wa mtu aliyepata alichokuwa akitafuta. Katika nchi ambayo wengi wa watoto wa namna hii hupasuliwa kwa kubahatisha, au hufa bila kupasuliwa, yeye alikuwa ameukuta ugonjwa mahali pake hasa, safi kama mto kwenye ramani. Akanyoosha kalamu yake.

"Tazameni. Huu mweupe ndio uji aliokunywa. Unashuka vizuri, unashuka, unafika hapa, karibu na mwisho wa utumbo mdogo. Hapa njia imekuwa nyembamba kama uzi. Ndiyo maana huku juu utumbo umevimba. Chakula kikifika hapa, kinakwama."

Hakuna aliyepumua. Oguttu aliudhani ukimya ule kuwa ni wa kuelewa.

Alupo alisogea hadi pua yake ikakaribia sanduku la taa. Katika ile sehemu iliyovimba, kutoka ukingo hadi ukingo, ilipita mistari myembamba, mmoja baada ya mwingine, yenye nafasi sawa.

"Na hii?"

"Hiyo ni mikunjo ya utumbo, Mama. Kila mtu anayo. Utumbo ukipanuka, mikunjo huonekana hivyo."

"Daktari, mimi nimepasua samaki tangu nikiwa na meno ya utoto." Alupo hakupaza sauti. "Huo ni mgongo wa ngege. Na hizo ni mbavu zake."

"Mama, hapana." Oguttu akainama haraka, akatoa picha nyingine kwenye rafu, akaitundika kando. "Huyu ni mtoto mwingine kabisa, wa Mbale. Pengine hata samaki hajawahi kula. Unaona? Mikunjo ileile."

Alupo aliitazama picha ya pili kwa makini na kwa huruma.

"Maskini," alisema. "Kumbe naye alitazamwa."

Wesonga alifunga mdomo kwa kiganja kuzuia kicheko, kisha akamwona Nasirumbi, na kicheko kikamfia.

"Daktari," Nasirumbi alisema, na sauti yake ilitoka kavu, "samaki aliliwa zamani, kabla ya masika. Anaweza kukaa tumboni hadi leo?"

"Hawezi. Alitoka kesho yake. Nisikilizeni." Sasa Oguttu alikuwa ameelewa alipokuwa amesimama, na alizungumza polepole, kama mtu anayerudi kinyumenyume kwenye ukingo. "Huu ni ugonjwa wa kifua kikuu, ila umeshika utumbo badala ya mapafu. Umefanya kidonda, na kidonda kinapopona huvuta na kubana. Mara nyingi huja kwa maziwa ya ng'ombe mgonjwa, maziwa yasiyochemshwa. Nyumbani, nani anampa mtoto maziwa?"

Nasirumbi aliinamisha macho. Kila asubuhi, umande ukiwa bado majanini, Alupo alimkamua ng'ombe wake mwekundu na kumpa Akurut, mjukuu aliyempenda kuliko wote, kibuyu cha maziwa ya vuguvugu. Peke yake. Lilikuwa pendo la nyumba ile, na watoto wengine walilionea wivu. Aguti alilijua. Nasirumbi alilijua, na neno lilimjaa kinywani hadi akahisi ladha yake. Lakini kumnyooshea kidole mama mkwe, mbele ya mgeni, kwamba mkono wake ndio uliomlisha mtoto ugonjwa, lilikuwa jambo ambalo mke aliyelelewa hawezi kulifanya, hata kwa kujiokoa. Alingoja Aguti aseme. Aguti aliitazama miguu yake mwenyewe.

"Watoto wote hunywa maziwa," Alupo alijibu. "Baba yake aliyanywa, babu yake aliyanywa. Daktari, nakushukuru sana. Umesema chakula kimekwama. Umesema?"

"Nimesema, lakini maana yake..."

"Umesema." Akamgeukia Nasirumbi. "Na wewe ulisema hutakataa. Tena mashine ilipowashwa, sisi sote tuliingia. Wewe peke yako ulibaki nje."

"Mimi ndiye niliyemzuia, Mama!" Wesonga alisema. "Ni kwa ajili ya mimba!"

"Basi mashine yenu inajua kazi. Ilimkataa mapema."

Nasirumbi alikuwa akiitazama picha. Naye alikuwa mtoto wa wauza samaki. Mikono yake ilikuwa imepasua ngege wengi kuliko Alupo. Alijilazimisha kuona mikunjo. Alitamka neno hilo moyoni, mikunjo, mikunjo, kama mwanafunzi anayekariri. Na katikati ya lile tumbo dogo lenye mwanga, aliuona uti wa mgongo ukipinda, na mbavu zimepangwa kwa usawa.

Alupo alitaka mtoto arudishwe Mukuju siku hiyohiyo, maana sasa mahali pa kutolea palijulikana. Oguttu alisema abaki, achomwe sindano kwa miezi, kisha pengine apasuliwe. Hapo ndipo Aguti alipozungumza.

"Mwanangu atabaki hapa. Hizo sindano achomwe, na akikatwa, akatwe. Sirudi Mukuju." Alupo alishangaa, kwa sababu mkamwana huyu hakuwahi kumpinga. Kisha Aguti akageuka, na bila chuki yoyote, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, akamwambia mwenzake aliyembeba mtoto wake mgongoni tangu alfajiri: "Lakini wewe, nakuomba, usije hapa wakati anakula."

Ecweru alimsindikiza mkewe hadi Busia. Alibeba mzigo yeye mwenyewe, na njiani alieleza mara nyingi kwamba ni kwa muda tu.

"Mpaka mtoto apone, basi."

"Akipona, watasema amepona kwa sababu nimeondoka," Nasirumbi alisema.

"Hawatasema hivyo."

"Na asipopona, watasema nilimuua. Sasa niambie, baba, nimwombee lipi?"

Ecweru aliuhamisha mzigo kutoka bega moja hadi jingine. Alisema barabara ya Busia imeharibika sana mwaka huu.

Nasirumbi alimwombea apone, na Akurut akapona. Alichomwa sindano kwa miezi, kisha daktari wa upasuaji akalifungua tumbo, akakikata kile kipande chembamba na kuziunga ncha mbili za utumbo. Mtoto aliamka akataka kula. Habari zilifika Molo siku ileile, na Alupo alizipokea kwa magoti na machozi ya kweli. Tangu hapo, alipoulizwa, alijibu kwa utulivu wa mtu aliyethibitishwa: hata madaktari, pamoja na elimu yao yote, mwishoni walilazimika kukitoa.

Oguttu hakuridhika. Mchana mmoja aliichukua ile picha, akaenda Molo mwenyewe ili aeleze mbele ya ukoo. Alipokewa kama mfalme. Alieleza habari ya kifua kikuu, ya maziwa na ya kuchemsha, na wote waliitikia kwa adabu. Kisha Alupo akaichukua picha kwa ncha za vidole, akaielekeza juani, na majirani wakapita mmoja mmoja kuutazama mgongo wa ngege. Daktari alipoondoka, walimfungia jogoo kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Akiwa na jogoo huyo bado garini, alipitia Busia, kwenye kibanda ambacho Nasirumbi na mama yake, Dorcas, waliuzia samaki. Nasirumbi alikuwa ameshajifungua. Mtoto wa kike alilala mgongoni mwake. Oguttu alisimama mbele ya meza ya samaki kama mtu aliyeleta habari za msiba.

"Nilijaribu," alisema. "Ningeanza na neno lingine siku ile... Lakini wewe nataka unisikie. Macho yako hayana kitu. Nakuambia kama daktari, na nakuambia kama mtu wa hapa."

"Najua, Daktari. Ulieleza vizuri, nikaelewa. Ni kidonda. Ni maziwa."

"Basi."

"Lakini ule mgongo niliuona."

Daktari alimweleza tena. Alichukua leso iliyokuwa mezani, akaifinya ili kumwonyesha jinsi utumbo unavyojikunja, akaivuta ili kumwonyesha jinsi unavyopanuka. Nasirumbi alifuatisha kila hatua, akauliza swali moja la maana, akajibiwa. "Ndiyo," alisema mwishoni. "Mikunjo." Akamchagulia samaki mzuri, akamfungia kwenye gazeti, akakataa malipo.

Ecweru aliendelea kuja, kwanza kila mwisho wa mwezi, halafu sikukuu. Alimpenda binti yake. Kila alipoondoka, alisema anazungumza na mama yake taratibu.

Siku moja ya soko, mwaka uliofuata, Nasirumbi alimwona Akurut. Alikuwa amerefuka, mashavu yamejaa, amevaa gauni la kanisani. Alitembea mbele ya Aguti akila kiazi kitamu cha kuchemsha. Nasirumbi hakuwa amejiandaa kwa furaha, na furaha ikamkamata ghafla, akajikuta ametabasamu kwa uso wake wote. Mtoto naye alimwona. Hatua zake zikawa nyepesi, kinywa chake kikaanza kuunda lile jina, mama mdogo, kisha akakumbuka. Aliinua ncha ya gauni kwa mkono mmoja na kukisukuma kiazi chini yake, haraka na kwa ustadi, kama mtu aliyefundishwa vizuri. Akabaki amesimama hivyo, akimtazama Nasirumbi, mashavu yake yamejaa tonge asilothubutu kulimeza.

Nasirumbi aligeuza uso, ili mtoto aweze kumeza.

Alipogeuka tena, walikuwa wamepita. Juu ya meza, miongoni mwa samaki, Aguti alikuwa ameacha fungu la viazi.

Mtoto wake mwenyewe alianza kulia mgongoni. Nasirumbi alimfungua, akaketi kwenye kigoda nyuma ya meza, akampa ziwa. Dorcas, aliyekuwa akifukuza nzi kwa tawi, alimtazama bintiye kwa muda.

"Mtazame mtoto anaponyonya," alisema. "Kila siku unatazama barabara, barabara. Atakuja kudhani mama yake ni lori."

"Namsikia, Mama," Nasirumbi alijibu, macho yake yakiwa barabarani. "Anameza."